Je, 4,294,967,297 ni namba tasa? Vipimo vyangu vinapingana

Swali

Salaam, wanajukwaa. Ninajisomea nadharia ya namba bila mwalimu, na kwa wiki mbili sasa nimekwama kwenye namba moja tu, 4,294,967,297, ambayo ni sawa na 2^32 + 1. (Natumia alama ^ kuonyesha kipeo, hivyo 2^32 ni 2 kwa kipeo cha 32.) Nataka kujua kama ni namba tasa. Kama si tasa, nataka kuelewa jinsi mtu anavyoweza kulibaini hilo kwa kalamu na karatasi, bila kuiachia kompyuta kazi yote.

Nilianza na vipimo tulivyofundishwa shuleni. Namba hii inaishia na 7, kwa hiyo haigawanyiki kwa 2 wala kwa 5. Jumla ya tarakimu zake ni 59, kwa hiyo haigawanyiki kwa 3. Ukiigawanya kwa 7 inabaki 5, kwa 11 inabaki 5 tena, na kwa 13 inabaki 10. Niliendelea hivyo na kila namba tasa iliyofuata hadi 599, jumla ya namba tasa 109, na kila mara kulikuwa na baki. Hapo nikachoka.

Kisha nikasoma kanuni ya Fermat, isemayo kwamba ikiwa p ni namba tasa, na a ni namba nzima isiyogawanyika kwa p, basi a^(p − 1) ikigawanywa kwa p huacha baki 1. Nikachukua a = 2, nikaandika programu fupi katika lugha inayokubali namba nzima za ukubwa wowote, na jibu likawa 1. Nikaamini kwamba nimethibitisha kuwa namba hii ni tasa, hadi nilipokutana na kitabu kinachosema kwa sentensi moja, bila maelezo yoyote, kwamba si tasa. Nikairudia hesabu katika lugha nyingine ambayo namba zake zina biti 64 (yaani tarakimu 64 za 0 na 1), na safari hii jibu likawa 0. Sasa nina majibu mawili ya kompyuta yanayotofautiana na kitabu kinachonipinga. Nimekosea wapi?

Jibu la kwanza

Ndugu mwulizaji, nianze na ile sifuri, kwa sababu ndiyo rahisi kuiondoa. Jibu hilo haliwezi kuwa sahihi hata kabla ya kukagua programu. Baki la 0 lingemaanisha kwamba namba yako inagawanya kipeo fulani cha 2 bila kubakiza kitu, na namba witiri iliyo kubwa kuliko 1 haiwezi kufanya hivyo.

Kilichotokea ni hiki. Programu yako inaanza na 2 na kuizidisha kwa yenyewe mara kwa mara: 4, 16, 256, 65,536, kisha 4,294,967,296. Baki hili la mwisho ni pungufu kwa 1 tu ya namba yako, kwa hiyo linabaki lilivyo. Hatua inayofuata ni kulizidisha kwa lenyewe, na zao lake ni 2^64, yaani 18,446,744,073,709,551,616. Namba kubwa kabisa inayoenea katika biti 64 ni 18,446,744,073,709,551,615. Umeizidi kwa moja tu, mashine ikaikata ile tarakimu ya juu kabisa na kukuachia sifuri, na sifuri ukiizidisha kwa yenyewe haitoki tena kwenye sifuri. Kati ya mabaki yote yanayoweza kupatikana kwa namba hii, ni hilo moja tu ambalo mraba wake hauenei katika biti 64, nawe umelikuta katika hatua ya tano.

Baki la 1 ni sahihi, na hesabu yako ya kwanza haina kosa. Kosa limo katika hitimisho. Kanuni ya Fermat inasema kwamba namba ikiwa tasa, basi baki ni 1. Haisemi kwamba baki likiwa 1, basi namba ni tasa. Zipo namba zisizo tasa zinazofaulu kipimo hicho kwa msingi fulani (yaani kwa a fulani), na hii yako inafaulu kwa msingi 2 kwa sababu ya umbo lake, wala si kwa bahati. Tuiite N. Kwa kuwa N = 2^32 + 1, namba 2^32 ni sawa na −1 tukihesabu kwa mabaki ya N (yaani ni pungufu kwa 1 ya N), na mraba wake, 2^64, ni sawa na 1. Kipeo unachokitafuta, N − 1, ni 2^32, ambacho kinagawanyika kwa 64. Kwa hiyo jibu lingekuwa 1 hata kama N ingekuwa na vigawo mia. Msingi 2 hauna la kukueleza juu ya namba za umbo hili, na hata kipimo kikali zaidi cha Miller na Rabin kinadanganyika kwa msingi huohuo, kwa kuwa kinakutana na −1 njiani na kuridhika.

Badilisha msingi uwe 3. Kwa mizidisho 32 ya namba kwa yenyewe, ukichukua baki kila mara, utafika kwenye 3^(N − 1), na baki lake ni 3,029,026,160. Si 1. Hapo ndipo kanuni ya Fermat inapokupa uthibitisho kamili kwamba N si tasa. Ukitaka kujikagua njiani, baki baada ya mzidisho wa 31 ni 10,324,303. Mwaka 1877 mwanahisabati Pépin alionyesha kwamba hatua hiyo ya 31 peke yake inatosha kuamua: namba ya aina hii iliyo kubwa kuliko 3 ni tasa ikiwa baki la hatua hiyo ni −1, na kama silo, si tasa. Mizidisho 32 ya tarakimu kumi kwa kumi ni kazi ya siku chache kwa mtu mwenye karatasi na subira.

Kipimo hicho hata hivyo hakikupi kigawo hata kimoja. Kinakuambia kwamba vigawo vipo, kisha kinanyamaza.

Jibu la pili

Namshukuru aliyetangulia kwa kulieleza vizuri suala la mabaki. Mimi nitazungumzia vigawo vyenyewe, na nianze na jambo ambalo huenda likakuuma kidogo: ulipoacha kugawanya kwenye 599 ulikuwa umebakiza hatua saba tu. Namba tasa zinazofuata ni 601, 607, 613, 617, 619, 631, na 641. Hiyo ya saba inagawanya namba yako bila baki:

4,294,967,297 = 641 × 6,700,417

Usijilaumu, maana kwa njia uliyoitumia hukuwa na namna ya kujua kama umebakiza hatua saba au elfu sita. Kipeuo cha pili cha namba yako kinazidi 65,536 kwa sehemu ndogo mno, na chini ya 65,536 kuna namba tasa 6,542. Kama namba ingekuwa tasa kweli, ungelazimika kuzipitia zote. Aliyeigundua 641 hakupita njia hiyo. Alikuwa Leonhard Euler, mwaka 1732, na jambo alilolipinga lilikuwa dai la Fermat mwenyewe. Fermat alikuwa ameandika katika barua zake za mwaka 1640 kwamba anaamini kila namba inayopatikana kwa kuchukua 2, kuipandisha kwa kipeo ambacho nacho ni 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea hivyo, kisha kuongeza 1 (namba hizo huitwa namba za Fermat), ni namba tasa. Tano za kwanza ni tasa kweli: 3, 5, 17, 257, na 65,537. Ya sita ndiyo hii yako. Goldbach alimwandikia Euler kuhusu dai hilo mwaka 1729, na miaka mitatu baadaye likawa limeanguka.

Sasa fuatilia hoja hii polepole, maana hapa ndipo jambo lenyewe lilipo. Chukua namba tasa yoyote p inayogawanya 2^32 + 1. Kwa mabaki ya p, 2^32 ni −1 na 2^64 ni 1. Uliza: ni kipeo gani kidogo kuliko vyote kinachoifanya 2 iache baki 1? Lazima kiwe kigawo cha 64, yaani 1, 2, 4, 8, 16, 32 au 64. Lakini kama kingekuwa 32 au chochote kilicho chini yake katika orodha hiyo, 2^32 ingeacha baki 1, ilhali tumeona kwamba ni −1. Mawili hayo yangelingana pale tu ambapo p ni 2, na 2 haigawanyi namba witiri. Kwa hiyo kipeo hicho ni 64 kamili. Nayo kanuni ya Fermat inasema kwamba 2^(p − 1) huacha baki 1, hivyo p − 1 lazima igawanyike kwa 64. Kila kigawo tasa cha namba yako ni cha umbo 64k + 1, na aliyetupatia nyenzo ya kulivunja dai la Fermat ni Fermat mwenyewe.

Andika namba za umbo hilo: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Ondoa zisizo tasa, zinabaki 193, 257, 449, 577, na 641. Ondoa pia 257, kwa sababu ni 2^8 + 1, hivyo kwa mabaki yake 2^8 ni −1, 2^32 ni 1, na namba yako inabakiza 2. Kumbe kati ya zile namba tasa 109 ulizozigawanya kwa mkono, ni tatu tu zilizostahili jasho lako: 193, 449, na 577. Baada ya hizo inakuja 641.

Mwaka 1878 Lucas aliubana mlango zaidi. Kwa kuwa p ni ya umbo 64k + 1, inaacha baki 1 ikigawanywa kwa 8, na kwa namba tasa za namna hiyo daima ipo namba x ambayo mraba wake huacha baki 2. Kipeo kidogo kuliko vyote kinachoirudisha x kwenye 1 ni 128, na kwa hoja ileile p − 1 inagawanyika kwa 128. Hapo kwenye orodha yetu zinabaki mbili tu, 257 na 641, nayo 257 tumeshaiondoa. Jaribio la kwanza kabisa linakupa jibu.

Tena, huhitaji hata kugawanya ili uhakikishe. Tazama kwamba 641 = 5 × 128 + 1, na pia 641 = 625 + 16, yaani 5^4 + 2^4. Kwa mabaki ya 641, usawa wa kwanza unasema 5 × 2^7 ni −1, na ukiupandisha kwa kipeo cha nne unapata kwamba 5^4 × 2^28 ni 1. Usawa wa pili unasema 5^4 ni −2^4. Weka la pili ndani ya la kwanza: −2^4 × 2^28, yaani −2^32, ni 1. Kwa hiyo 2^32 + 1 ni 0. Nimeufundisha uthibitisho huu mara nyingi, na kila mara naona darasa likinyamaza kwa muda baada ya mstari wa mwisho.

Mwulizaji anaongeza

Nawashukuru sana nyote wawili. Nimekaa na hoja ya 64k + 1 usiku kucha hadi nikaweza kuiandika upya bila kutazama. Limebaki jambo moja. Nikisema kwamba namba yangu ni zao la 641 na 6,700,417, bado sijaonyesha kwamba 6,700,417 ni tasa. Kipeuo chake cha pili kinazidi 2,588 kidogo, na chini ya hapo kuna namba tasa zaidi ya mia tatu. Je, nirudi kugawanya?

Jibu la pili, tena

Rudi, lakini kwa mara tano tu. Chochote kinachogawanya 6,700,417 kinaigawanya pia namba ya awali, kwa hiyo sharti la Lucas linakihusu vilevile. Orodhesha namba za umbo 128k + 1 kuanzia 129 hadi 2,561. Ziko 20, na tasa kati yake ni 257, 641, 769, 1,153, na 1,409. Usiiruke 641 kwa kudhani kwamba imeshatumika, maana kigawo kinaweza kujirudia.

Jibu la tatu

Naomba kuongeza upande mwingine wa namba hii ambao naona haujaguswa, nao ni jumla za miraba miwili. Namba tasa witiri inaweza kuandikwa kama jumla ya miraba miwili kwa namna moja tu, au isiweze kabisa. Namba yetu ina namna moja iliyo wazi, 65,536^2 + 1^2. Ina na ya pili:

62,264^2 + 20,449^2 = 3,876,805,696 + 418,161,601 = 4,294,967,297

Kuwepo kwa namna ya pili kunatosha kuthibitisha kwamba si tasa, na uzuri wake ni kwamba, tofauti na kipimo cha mabaki, njia hii inakukabidhi vigawo mkononi. Chukua tofauti: 65,536 − 62,264 = 3,272, na 20,449 − 1 = 20,448. Kigawo kikubwa cha shirika cha hizo mbili ni 8, maana 3,272 = 8 × 409 na 20,448 = 8 × 2,556. Chukua jumla: 65,536 + 62,264 = 127,800, na 20,449 + 1 = 20,450. Kigawo chao kikubwa cha shirika ni 50, na ukizigawanya unapata tena 2,556 na 409. Nusu ya 8 ni 4, nusu ya 50 ni 25, na 4^2 + 25^2 ni 641. Halafu 409^2 + 2,556^2 ni 6,700,417. Vigawo vyote viwili vimejitokeza bila kugawanya kwa namba tasa hata moja. Kweli, kuipata ile jozi ya pili ya miraba bila kuvijua vigawo ni kazi kubwa, kwa hiyo siipendekezi kama njia ya kuanzia; lakini aliyeshika 641 mkononi anaweza kuijenga kwa dakika chache, na ataona jinsi mambo mawili yaliyoonekana kuwa mbalimbali yalivyo jambo moja. (Namba 20,449 yenyewe ni mraba wa 143. Sioni maana yoyote ya ndani katika hilo, ila nalipenda.)

Kuhusu sifa nyingine nitapita haraka. Vigawo vyake vyote ni vinne: 1, 641, 6,700,417, na yenyewe. Jumla ya vitatu vya kwanza ni 6,701,059, ambayo ni ndogo mno ukiilinganisha na namba yenyewe. Namba zilizo chini yake zisizoshirikiana nayo kigawo chochote zaidi ya 1 ni 640 × 6,700,416, yaani 4,288,266,240.

Linalostahili kukaliwa zaidi ni jirani yake wa chini kwa hatua mbili. Namba 4,294,967,295 ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537, zao la zile namba tano za Fermat zilizo tasa. Ndiyo maana namba yako haigawanyiki kwa yoyote kati ya hizo tano: daima inabaki 2. Gauss aligundua mwaka 1796 kwamba umbo lenye pande 17 zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa rula na bikari, na mwaka 1837 Wantzel alikamilisha uthibitisho kwamba idadi witiri ya pande inafaa pale tu inapokuwa zao la namba tasa za Fermat zisizojirudia. Kwa hiyo umbo la pande 4,294,967,295 linachoreka kwa nadharia, na hakuna idadi witiri kubwa zaidi inayojulikana kuwa na sifa hiyo. Lile la pande 4,294,967,297 halichoreki, kwa sababu 641 na 6,700,417 si namba za Fermat. Kama dai la mwaka 1640 lingekuwa kweli, hilo nalo lingechoreka.

Mwulizaji anaongeza

Nimezifanya zile tano jioni hii. Kwa 257 inabaki 170. Kwa 641 inabaki 44. Kwa 769 inabaki 120. Kwa 1,153 inabaki 334. Kwa 1,409 inabaki 622. Kwa hiyo 6,700,417 ni tasa, na safari hii nimeithibitisha mwenyewe. Nimejaribu kuipeleka njia hii kwa namba inayofuata, 2^64 + 1, ambako naona vigawo lazima viwe vya umbo 256k + 1. Nimefika k = 40 bila mafanikio. Niendelee?

Jibu la pili, tena

Umbo umelipata sawasawa. Kigawo kidogo cha 2^64 + 1 ni 274,177, na hicho ni 256 × 1,071 + 1. Kwa namba yako ya kwanza k ya Lucas ilikuwa 5. Hapa ni 1,071. Landry alivichapisha vigawo hivyo mwaka 1880, takriban miaka mia moja na hamsini baada ya 641, na kigawo cha pili ni 67,280,421,310,721. Kabla ya kuendelea kutoka 40, tenga kwanza thamani za k ambazo 256k + 1 inagawanyika kwa 3, 5, 7, 11 au 13. Utaona kwamba zaidi ya nusu ya orodha inaondoka, na zilizobaki zinaweza kugawanywa chache kila siku.